Kutembea hadi Annapurna Base Camp: maandalizi ya miezi mitatu

Wengi wanaotaka kwenda Himalaya huuliza kwanza habari ya urefu: ni mita ngapi, na pumzi itatosha? Kwa njia ya Annapurna Base Camp, kambi iliyo chini ya mlima Annapurna katikati ya Nepal, hilo si swali la kwanza. Kambi iko mita 4,130 juu ya usawa wa bahari, chini ya kilele cha Meru chenye mita 4,566, na Kibo inaizidi mbali. Kinachowaangusha watu kwenye njia hii ni ngazi na haraka. Ngazi, kwa sababu sehemu kubwa ya njia imejengwa kwa vidato vya mawe vinavyoteremka hadi mtoni kisha kupanda ng'ambo, tena na tena. Haraka, kwa sababu ratiba nyingi za bei ya chini humpandisha mtu mita nyingi kwa siku chache, na kichwa kikianza kuuma hakuna siku ya akiba. Ukiyashughulikia hayo mawili ungali nyumbani, hata kama hujawahi kushika kamba ya kupandia mlima, una kila sababu ya kufika na kurudi salama.

Hema halihitajiki. Kila baada ya saa moja au mbili za kutembea kuna nyumba za wageni za kifamilia, nyingi zikiendeshwa na Wagurung wa bonde hilo. Unalala humo, unakula humo, asubuhi unaendelea. Aliyezoea Kilimanjaro, ambako kundi la wapagazi hubeba jiko, meza na mahema, atashangaa kuona wageni wawili wakienda na mwongozaji mmoja na mpagazi mmoja, basi.

Hatua ya 1: Chagua msimu kabla ya tiketi

Misimu mizuri ni miwili: Oktoba na Novemba, kisha Machi na Aprili. Kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba ni mvua za monsuni: milima inajifunika, barabara zinakatwa na maporomoko ya udongo, na ruba wanakungoja kwenye majani. Desemba hadi Februari anga ni safi lakini baridi ni kali, na baadhi ya nyumba za juu hufungwa.

Majira ya kuchipua, yaani Machi na Aprili, yana maua ya rododendroni yanayowasha misitu nyekundu, ila theluji ya majira ya baridi huwa bado imening'inia juu ya bonde kati ya Deurali na Machhapuchhre Base Camp, vituo viwili vya mwisho kabla ya kambi. Sehemu hiyo ina historia ya maporomoko ya theluji. Tarehe 17 Januari 2020 yaliwafunika Wakorea Kusini pamoja na Wanepali waliokuwa karibu na Deurali, na wakafa. Oktoba nayo si dhamana: mwaka 2014 mabaki ya kimbunga Hudhud yalileta tufani ya theluji upande wa pili wa safu ya Annapurna, na zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Simulizi hizi si za kukutisha usiende. Zinaonyesha kwa nini siku mbili za akiba si anasa.

Kwa mtu anayetoka nchi ya joto na anaenda mara ya kwanza, mimi ningechagua mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba. Njia inakuwa na watu wengi, kweli, lakini ardhi imekauka na asubuhi nyingi hazina wingu. Angalia tu tarehe za Dashain, sikukuu kubwa ya Wanepali inayoangukia Septemba au Oktoba, maana magari na ndege za ndani hujaa watu wanaorudi makwao.

Hatua ya 2: Nenda kwa daktari mapema, na uulize maswali yanayotuhusu sisi

Miongozo mingi ya Himalaya imeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, na kuna mambo matatu isiyoyagusa kabisa.

La kwanza ni selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande bila idhini ya daktari wake bingwa. Hewa nyepesi inaweza kuanzisha maumivu makali na madhara makubwa. Lakini hata aliyebeba jeni moja tu ya selimundu (AS), ambaye maisha yake yote hajawahi kuugua, anaweza mara chache kupata tatizo la bandama akiwa juu. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, na tiba huanza kwa kushuka mara moja. Kanda ya Ziwa na pwani, ambako hali hii ni ya kawaida, watu wengi hawajawahi kupima. Pima, na majibu yako ayajue mwongozaji wako pia.

La pili ni malaria. Ukitoka Dar es Salaam, Kisumu au Bujumbura na homa ikakushika wiki ya pili ukiwa Nepal, mhudumu wa afya wa huko anaweza kudhani ni mafua au tumbo, na wewe mwenyewe ukadhani ni mlima. Homa yoyote ndani ya miezi michache tangu utoke eneo la malaria inahitaji kipimo. Sema wazi, bila kusubiri kuulizwa, kwamba umetoka nchi yenye malaria. Kathmandu, mji mkuu, na Pokhara, mji ambako safari ya mlimani huanzia, zina hospitali zilizozoea wasafiri, mlimani hakuna.

La tatu ni wingi wa damu. Upungufu wa damu unaovumilika nyumbani unageuka mzigo pale hewa inapokuwa nyepesi, hasa kwa wanawake. Kipimo ni cha dakika chache, na miezi mitatu inatosha kuurekebisha.

Uliza pia kuhusu asetazolamaidi, inayojulikana kwa jina la Diamox, ambayo husaidia mwili kuzoea mwinuko. Kipimo cha kinga kinachotumika sana ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itakufanya ukojoe mara kwa mara na vidole vifanye ganzi, na hayo ni ya kawaida. Dawa hii iko katika ukoo wa salfa, kwa hiyo kama uliwahi kuvimba au kutokwa vipele kwa Septrin au Fansidar, mwambie daktari kabla hajaandika chochote. Usiianze kwa ushauri wa rafiki.

Hakikisha una kadi ya njano. Nepal inataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo.

Hatua ya 3: Soma ratiba kwa jicho la mita za kulala

Hapa ndipo ningetaka utumie muda mwingi kuliko mahali pengine pote, kwa sababu kosa la hapa halirekebishiki kwa koti zuri wala dawa. Tangu 1 Aprili 2023 Nepal imeweka sharti kwamba mgeni anayetembea njia za milimani awe na mwongozaji mwenye leseni, kupitia kampuni iliyosajiliwa. Sharti hilo linakufaa. Lakini kampuni ni nyingi mno, na zote zinatuma picha ileile ya mlima Machhapuchhre wakati wa machweo.

Usilinganishe bei kwanza. Chukua karatasi, andika jina la kila kijiji utakacholala na mita zake. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Sasa tazama: Deurali iko mita 3,230, na Annapurna Base Camp iko 4,130. Ratiba inayokutoa Deurali na kukulaza kambini siku hiyohiyo imekurusha mita 900 kwa mkupuo. Wapo wanaofanya hivyo wakapona, na wapo wanaoamka usiku wakitapika. Ratiba ninayoipendekeza ni hii:

Siku ya 1: gari kutoka Pokhara hadi karibu na Jhinu, kuvuka daraja refu la kuning'inia, kisha kupanda hadi Chhomrong (2,170)
Siku ya 2: Chhomrong hadi Dovan (2,600)
Siku ya 3: Dovan hadi Deurali (3,230)
Siku ya 4: Deurali hadi Machhapuchhre Base Camp (3,700)
Siku ya 5: hadi Annapurna Base Camp (4,130), mwendo wa saa mbili hivi
Siku ya 6: kushuka hadi Bamboo (2,310)
Siku ya 7: Bamboo hadi Jhinu (1,780)
Siku ya 8: kurudi Pokhara

Ongeza siku moja ya akiba mlimani na nyingine Kathmandu kabla ya ndege ya kurudi. Ukiwa na nafasi, anza kwa kupitia Ghorepani na Poon Hill (3,210); utatumia siku tatu au nne zaidi, miguu na mapafu vitakuwa vimeshazoea, ila ujue upande ule una kipande cha Ulleri chenye vidato vinavyohesabiwa kuwa zaidi ya 3,000.

Ukishapata ratiba inayokubalika, iulize kampuni maswali haya kwa maandishi, nayo ijibu kwa maandishi. Mwongozaji ana leseni, na nitaiona? Mpagazi atabeba kilo ngapi kwa jumla? Ana bima, buti na koti la baridi, na analala wapi usiku? Nikiugua, nani anaamua nishuke, na nani atashuka nami huku wenzangu wakiendelea? Chakula kimo kwenye bei, au nalipa mwenyewe? Nani anashughulikia kibali cha ACAP, yaani cha kuingia Hifadhi ya Annapurna?

Jibu la swali la mpagazi linakuonyesha kampuni yote. Kwetu wapo wengi waliokulia katika nyumba zilizolishwa na mshahara wa mpagazi wa Kilimanjaro au Mlima Kenya, na wanajua mzigo wa ziada unaishia kwenye magoti ya nani. Kampuni inayokwepa swali hilo, iache. Mpango wa haki ni mpagazi mmoja kwa wageni wawili, kila mgeni akiwa na kilo 10 au pungufu.

Hatua ya 4: Fanya mazoezi ya kushuka

Wiki 12 zinatosha kwa mtu anayeanza kutoka kiti cha ofisi. Wiki nne za kwanza tembea tu: dakika 45 hadi saa moja, mara nne kwa wiki, mwendo wa kukutoa jasho lakini bado unaweza kuongea. Wiki nne zinazofuata hamia kwenye ngazi. Anayeishi Unguja, Mombasa au Dar asijisikitikie kwamba hana mlima. Jengo la ghorofa nane lenye mlinzi muungwana linatosha. Panda na ushuke ukiwa na begi la mgongoni lenye kilo tano, baadaye saba. Shuka polepole, kidato kimoja kimoja, bila kushika ukuta. Misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ngumu zaidi wakati wa kushuka, na ndiyo itakayokulinda magoti siku ya sita, utakapoporomoka karibu mita 1,800 kwa siku moja.

Ongeza kuchuchumaa na kuinuka, seti tatu za mara 15. Kuna faida ya pili: vyoo vingi vya njiani ni vya kuchuchumaa, na magoti yaliyochoka yatakushukuru.

Wiki nne za mwisho tafuta siku mbili mfululizo. Kutembea Jumamosi kwa muda wa saa sita si kazi. Kazi ni kuamka Jumapili na kwenda tena. Wa Tanzania wanazo Uluguru na Usambara, wa Kenya wana Ngong na Longonot, wa Uganda wana mabonde ya Elgon. Nenda na buti na begi lilelile utakalokwenda nalo Nepal. Wiki ya mwisho punguza, lala vizuri.

Hatua ya 5: Nyaraka, bima na fedha

Pasipoti iwe na miezi sita mbele. Viza ya utalii kwa wengi hutolewa unapotua uwanja wa Tribhuvan, Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Chukua ya siku 30 hata kama safari ni fupi, ili kuchelewa kwa siku mbili kusikupe presha. Raia wa nchi chache za Afrika, Somalia na Ethiopia zikiwemo, hutakiwa kuomba kabla. Tazama orodha kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya Nepal kabla ya kukata tiketi. Beba dola taslimu, noti safi zisizochanika, na picha kadhaa za pasipoti. Kibali cha kuingia Hifadhi ya Annapurna, ACAP, iliyoanzishwa mwaka 1986, ni rupia 3,000 kwa mgeni.

Bima isome mwenyewe, usitegemee wakala. Tafuta sentensi mbili: inayosema inalipia kutembea milimani hadi mita 4,500 au zaidi, na inayosema inalipia uokoaji kwa helikopta. Bima nyingi za safari zinazouzwa pamoja na tiketi hazina hata moja. Na ujue kwamba helikopta zimewahi kuwa biashara chafu. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza uokoaji wa uongo, ambapo wageni waliokuwa na maumivu madogo walishinikizwa kupanda helikopta ili bima zilipishwe. Ukiugua na bado unaweza kutembea, piga simu bima yako kwanza, na kumbuka kwamba kushuka kwa miguu mita 500 mara nyingi ndiyo tiba yenyewe.

Fedha za mlimani toa Pokhara, kwenye mashine, kwa noti ndogo. Juu hutakuta mashine. Bei za chakula huongezeka kadiri unavyopanda, kwa sababu kila gunia la mchele na mtungi wa gesi umefika kwa nyumbu wa mizigo (mnyama wa punda na farasi) na kwa migongo ya watu. Usiombe kupunguziwa bei ya sahani ya wali uliobebwa hivyo.

Hatua ya 6: Mavazi, na habari ya buti za mitumba

Novemba, usiku kambini, nyuzi joto hushuka chini ya sifuri, mara nyingine hadi kumi chini. Siri ya kuvumilia ni tabaka. Ndani, nguo ya kubana isiyo ya pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na jasho hugeuka barafu ukisimama. Juu yake sweta la flisi. Juu yake jaketi lenye manyoya ya bata ndani. Nje kabisa koti la mvua na upepo. Utatembea na tabaka moja au mbili, na utavaa zote ukikaa.

Karibu vyote hivi utavipata Gikomba, Karume au soko lolote la mitumba kwa bei nzuri kuliko dukani, na sioni sababu ya kununua vipya. Kitu kimoja ndicho ninachokataza, nacho ni buti kuukuu. Buti nyingi za mlimani zina tabaka la povu kati ya ngozi na soli, na povu hilo huoza taratibu hata kiatu kikiwa kabatini, hakijavaliwa. Juu kinang'aa, ndani kimekwisha. Ukilazimika kununua mitumba, pinda kiatu kwa nguvu, tazama mstari ambapo soli inakutana na mwili wa kiatu, kisha bonyeza povu kwa ukucha. Likimeguka kama mkate mkavu, rudisha mezani hata kama muuzaji anakupunguzia nusu bei. Soli ikibanduka juu ya Deurali hakuna fundi. Buti iwe kubwa kwa nusu namba, ili kidole gumba kisigonge mbele wakati wa kushuka, na uivae mazoezini hadi ilainike.

Mfuko wa kulalia na jaketi zito unaweza kukodi Thamel, Kathmandu, au Lakeside, Pokhara. Fimbo mbili za kutembelea zinakodishwa hukohuko. Usizikatae kwa kuona aibu, kwenye vidato zinabeba uzito ambao ungeubebesha magoti. Vingine: kofia ya sufu, glavu, soksi za sufu jozi tatu, miwani ya jua, tochi ya kichwani, plasta za malengelenge, ORS, paracetamol, karatasi za chooni, na ndala za kuvaa jioni. Watu weusi nasi tunaungua. Jua linaloakisiwa na theluji hupasua midomo na kubabua pua, kwa hiyo beba mafuta ya kukinga jua na ya midomo.

Plagi za Nepal nyingi ni za pini za duara, si zile za pini tatu bapa tulizozoea Tanzania na Kenya. Beba adapta, na pawabenki iwe kwenye begi la mkononi ndani ya ndege.

Hatua ya 7: Jua utaratibu wa nyumba za njiani

Chumba ni kidogo, kuta za mbao nyembamba, vitanda viwili, blanketi zito, hakuna moto. Joto liko ukumbi wa kulia, ambapo wote hukusanyika jioni. Chumba kinauzwa rahisi kwa makubaliano kwamba utakula hapohapo. Kwenda kula kwa jirani ni kuwanyima wenyeji riziki yao. Agiza chakula cha jioni mapema, mara tu unapofika, na kifungua kinywa kiagize usiku uliotangulia, kwa sababu jiko ni moja na wapishi ni familia. Mama mwenye nyumba mwite didi, mwongozaji aliyekuzidi umri mwite dai; ni heshima ileile ya dada na kaka.

Chakula hakitakuwa kigeni kwako. Dal bhat ni wali, dengu, mboga na achari, na ukimaliza wanakuongezea bila malipo. Chapati zipo, na chai ya maziwa yenye viungo ipo kila nyumba. Ninashauri ule dal bhat kila siku, si piza wala tambi zilizoandikwa kwenye menyu: inapikwa papo hapo, inaliwa na wenyeji, na haiharibu tumbo. Juu ya Chhomrong kwa desturi nyama haipikwi, kwa kuwa bonde la juu ni mahali patakatifu, na hilo linamrahisishia Mwislamu anayejiuliza habari ya halali. Kibla ukiwa huko ni magharibi. Maji ya moto ya kutawadhia omba jikoni na ulipie kidogo.

Maji ya chupa za plastiki yamepigwa marufuku sehemu ya juu ya njia. Beba chupa mbili za lita moja na vidonge vya kutibu maji, au nunua yaliyochemshwa. Kunywa lita tatu kwa siku hata kama huna kiu. Usiku jaza chupa moja maji ya moto, ifunge vizuri, iingize kwenye mfuko wa kulalia miguuni. Asubuhi yamepoa, unayanywa. Simu na pawabenki nazo zilale humo ndani, kwa sababu baridi humaliza chaji.

Hatua ya 8: Juu ya mita 3,000, sikiliza mwili

Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usioeleweka: chukulia kuwa ni ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vingine. Usipande zaidi siku hiyo. Pumzika, kunywa maji, na dalili zikizidi shuka. Hatari kubwa zina alama zake. Mwenzako akishindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole, au akianza kuongea ovyo, ubongo umeanza kuvimba. Akihema akiwa amekaa tu, na kikohozi kina majimaji, mapafu yanajaa. Hapo hakuna kungoja mapambazuko; mshusheni usiku huohuo, na hata mita 500 zinaweza kumwokoa. Wanaofia mlimani mara nyingi ni wale walioficha dalili ili wasiwaharibie wenzao safari. Mwambie mwongozaji ukweli kila jioni, hata akiwa hajakuuliza.

Kipande cha Deurali hadi Machhapuchhre Base Camp anza mapema asubuhi, kabla jua halijalainisha theluji iliyo juu. Mwongozaji akisema leo tunabaki, baki. Ukikutana na nyumbu njia nyembamba, simama upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa korongo.

Kambini amka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mbele yako ni ukuta wa kusini wa Annapurna I, mita 8,091, kilele cha kwanza cha zaidi ya mita 8,000 kupandwa na binadamu, tarehe 3 Juni 1950, ingawa Wafaransa waliofanya hivyo walipitia upande wa kaskazini usiouona kutoka hapo. Ukigeuka nyuma unamwona Machhapuchhre, mita 6,993, mlima mtakatifu ambao kilele chake hakiruhusiwi kukanyagwa. Kaa na koti lote, na chai mkononi, hadi mwanga ushuke bondeni. Usiharakie picha.

Hatua ya 9: Kushuka, na haki za waliokubeba

Watu hujipongeza kambini halafu huumia njiani kurudi. Fupisha hatua, urefushe fimbo kidogo, na uweke akiba ya nguvu kwa kupanda kutoka mto wa Chhomrong, ngazi zilezile ulizoshuka kwa furaha siku ya pili. Jhinu kuna chemchemi ya maji moto kando ya mto Modi Khola, mwendo wa nusu saa chini ya kijiji. Nenda kabla jua halijazama.

Bakshishi toeni jioni ya mwisho, pamoja, baada ya chakula. Desturi ni kati ya asilimia 10 na 15 ya bei ya safari, igawanywe baina ya mwongozaji na mpagazi. Kila mmoja apewe mkononi mwake, kwa mkono wa kulia, kwenye bahasha yenye jina lake. Usimkabidhi mmoja fungu la mwenzake. Jaketi au glavu usizozihitaji tena mpe mpagazi moja kwa moja, zikiwa safi. Kampuni ikikuomba maoni, andika jina la mpagazi pia, maana majina ya waongozaji ndiyo huandikwa siku zote na kazi inayofuata hupewa aliyetajwa.